Dereva Aliyeijibu Ndege

MAELEZO YA SHAHIDI

Jina: Kama lilivyo kwenye kitambulisho. Mtaani na sokoni naitwa Mama Kunguru.
Umri: Miaka hamsini na sita.
Kazi: Fundi wa kushona mapazia. Pia mtazamaji wa kujitolea katika kikundi cha ndege.
Makazi: Nyumba ya pili nyuma ya kituo cha mafuta, barabara ya uwanja mdogo wa ndege.

Mimi ndiye niliyetajwa hapo juu. Sikuitwa kituoni, nimekuja kwa miguu yangu. Nimekuja kwa sababu ya dereva wa lori la saruji aliye mahabusu tangu juzi. Nimeambiwa mwajiri wake anadai kwamba alilewa, akaliweka lori katikati ya barabara, akaacha saruji inyeshewe, na turubai akaliuza. Turubai hilo ndilo hili nililoliweka hapa mezani. Naomba nieleze lilivyonifikia.

Kikundi chetu ni cha raia wa kawaida. Wachache wana leseni za urubani, wengine ni kama mimi. Tuna ndege moja ndogo ya viti vinne. Tunatafuta watu waliopotea, na barabara zikikatika tunapeleka dawa na damu. Hakuna anayelipwa. Mimi niliingia kwa bahati. Waliniagiza niwashonee ule mfuko wa kitambaa unaoonyesha upepo unakotoka, nikaupeleka, nikauona ukijaa upepo juu ya mlingoti, na hamu ya kurudi nyumbani ikaniisha. Rubani wa siku ninayoieleza ni mkwe wangu, ameoa binti yangu wa pili. Nalisema mapema lisije likaibuliwa baadaye. Angekuwa na kosa ningemtaja, na binti yangu analijua hilo vizuri.

Tuna utaratibu wetu. Ndege ikitaka kutua mahali pasipo uwanja, kila aliyemo lazima akubali. Akikataa mmoja, hata bila kutoa sababu, hatutui, na hakuna wa kumnunia. Halafu kama kuna mtu pale chini, naye ana kura. Tunashuka, tunapita juu yake na kutikisa mabawa kushoto na kulia, mara mbili. Akikubali, anafungua mikono na kuitikisa vivyo hivyo, kisha anaifunga njia. Asipojibu, tunaondoka zetu.

Ishara hiyo hakuna azaliwaye akiijua, ni lazima ifundishwe. Kila mwisho wa mwezi mimi huenda sokoni, nikafungua mikono na kukimbia katikati ya mafungu ya vitunguu nikijifanya ndege, huku mwenzangu akieleza kwa kipaza sauti. Watu hucheka mpaka wakashika mbavu. Jina la Kunguru nililipatia hapo. Dada yangu mkubwa alihamia soko jingine, akasema hawezi kununua nyanya huku mdogo wake anapepea mbele ya watu. Mimi nikaendelea kupepea.

Mnamo Jumanne ya wiki hii, asubuhi, mke wa mpima ardhi mmoja alipiga simu kwenye kikundi. Mumewe alikuwa ametoka na pikipiki siku iliyotangulia kwenda kupima mashamba upande wa daraja lililokatika, na hakurudi. Saa tatu tulikuwa angani: mkwe wangu kwenye usukani, mimi kando yake, na nyuma yetu muuguzi wa kujitolea, mama mmoja mpole anayeogopa mende lakini haogopi damu.

Kazi ya mtazamaji ni kutazama upande wake tu. Upande wa pili hata kukiwaka moto haukuhusu. Tulizunguka muda mrefu, na shingo ilikuwa imeanza kuniuma, nilipoona ndani ya korongo fimbo yenye rangi nyekundu na nyeupe, zile za wapima ardhi. Ilikuwa imesimikwa wima na kufungwa shati. Nikasema, "Ninaye, kushoto." Mtazamaji akishasema hivyo haruhusiwi kuondoa jicho. Ndege iligeuka, jicho langu likabaki palepale. Mtu alikuwa amelala chini ya fimbo, pikipiki imemlalia mguu. Aliinua mkono.

Mkwe wangu alitoa taarifa kwa redio. Akajibiwa kwamba gari la wagonjwa haliwezi kufika, kwa kuwa hospitali iko ng'ambo ya daraja na njia ya kuzunguka ni ya siku nzima. Karibu na korongo palikuwa na kipande cha barabara kilichonyooka, na juu yake lori moja la saruji likielekea darajani, kwenye matengenezo. Akaniuliza, "Mama, unasemaje?" Nikasema ndiyo. Muuguzi naye akasema ndiyo. Mkwe wangu akasema, "Bado wa chini."

Tukapita juu ya lori na kutikisa mabawa. Lori likaendelea. Niliwaza zile safari zote za sokoni, nikawaza kwamba watu walifika kucheka tu. Tukageuka, tukapita tena. Lori likasimama. Dereva akashuka, akatutazama, akafungua mikono yake pale barabarani na kuitikisa kushoto na kulia, mara mbili, sawasawa kama ninavyofanya mimi, mpaka na kule kuinama kidogo kwa goti la kulia ambako ni ugonjwa wangu na hakumo kwenye ishara. Nikalia. Mkwe wangu alijifanya hakuona. Yule dereva akarudi garini, akaliweka lori kukingama barabara ili asipite mtu akatugonga. Kwa hiyo lori lilikaa katikati ya njia kwa ombi letu.

Tulitua salama. Mgonjwa mguu ulikuwa umevunjika, na machela yetu ni fupi na nyepesi, isingefaa kumpandisha mtu kutoka korongoni. Dereva alikuwa peke yake, utingo wake anaumwa. Alitazama mawingu, akatazama saruji yake, akaanza kufungua kamba za turubai. Mimi ndiye niliyemwambia, "Baba, mvua hiyo inakuja." Akanijibu, "Mama, saruji inatengenezwa kila siku. Shika pembe hiyo." Tukateremka wanne, kila mmoja na pembe yake, tukamtoa yule mtu. Afande ameniuliza kama nilisikia harufu ya pombe. Tulipanda korongo lile uso kwa uso, tunahemeana. Alinuka jasho na dizeli.

Tulipomfikisha kwenye ndege, muuguzi alikataza mgonjwa asinyanyuliwe tena, akaingizwa ndani ya turubai lilelile. Dereva hakulidai. Alinitazama akacheka, akasema, "Wewe si yule Mama Kunguru? Tulikucheka sana siku ile." Nikamwambia aendelee kucheka. Akatutakia safari njema, akalisogeza lori kutupisha. Mvua ilianza tukiwa hewani, nami nikajua inamnyeshea nani.

Leo asubuhi mke wake alikuja uwanjani kwetu na mtoto mgongoni, akauliza kama sisi ndio tunaoomba barabara. Alituambia kwamba mumewe alipohojiwa hapa alisema ndege ilimwomba, na kwamba alichekwa. Nilipolisikia hilo niliona uchungu. Kisha nikaona fahari, na hiyo ndiyo iliyobaki. Mimi nimechekwa miaka, najua kicheko hakiui. Lakini mimi huchekwa nikarudi kulala kitandani kwangu, yeye amelala sakafuni kwenu kwa kufanya kile nilichomfundisha.

Mpima ardhi amefungwa plasta na jana alikula. Turubai nimelifua, na pale lilipochanikia kwenye jiwe nimelitia kiraka. Mkwe wangu na muuguzi wako tayari kuja kueleza wakati wowote. Afande, mtu huyu hakulewa wala hakuuza kitu. Aliombwa, akajibu. Niko kwenye kikundi hiki miaka saba, na sijawahi kujivunia kitu kama nilivyojivunia mikono yake ile.

Niliyoyaona kutoka juu na niliyoyashika kwa mikono yangu ni hayo, na ndiyo maelezo yangu.

Sahihi ya shahidi: (ametia sahihi)

MAELEZO YA ASKARI: Nimeyaandika mimi, koplo wa zamu, nikamsomea shahidi, akakubali kuwa ni sahihi. Turubai limepokelewa, lina doa ambalo halikutoka na kiraka kipya kilichoshonwa vizuri. Kwa idhini ya mkuu wa kituo nilimpeleka shahidi uani, mbele ya dirisha la mahabusu. Mtuhumiwa hakuwa amearifiwa kuwa kuna shahidi. Shahidi alifungua mikono, akaitikisa kushoto na kulia, mara mbili, akiinama kidogo kwa goti la kulia. Mtuhumiwa aliinuka, akawaomba wenzake wasogee apate nafasi, akafungua mikono yake na kujibu, goti likiwa vilevile. Mahabusu wawili walicheka. Mimi, niliyecheka juzi, sikucheka. Mkuu wa kituo ameagiza aachiwe. Mlango nimeufungua mwenyewe.