Baba mukwe eko nyuma ku kinga, goti inalia

Mpendwa Mama Julienne, naomba unisaidie mbele sijapoteza goti ao bukwe, ju naona moja lazima iende. Mi ni Kangwa wa Kampemba, nakimbia na équipe yetu, kikundi ya mbio, tangu kijana, na mwaka huu goti ya kuume iliumia nikashindwa hata kushuka ngazi, kiné, munganga wa viungo, akasema niache kukimbia kwanza, nipande kinga, ile baiskeli, pole pole, nimekaa, bila muzigo, ju haigongeshe goti chini na pumzi inabaki. Muzuri. Lakini sikuwa na kinga, na baba wa bibi yangu, baba Émile, muzee wa chemin de fer, kazi ya treni, mwenye kustaafu, aliposikia natafuta akaniletea yake, ameipangusa mpaka inangaa, nikafurahi karibu nilie. Asubui ya kwanza natoka, namukuta ku mulango na kofia yake, anasema, "Kangwa mutoto wangu, kinga haiendake tupu," na akapanda nyuma. Mama, muzee ule eko muzito! Sasa kila asubui tuko wawili mpaka soko, kurudia anapakata na mufuko ya bunga, njia yote ananipigia habari ya treni, bantu banacheka, na kiti ya kinga iko chini ju yeye ni mufupi na mi naona haya kuigusa, na goti imevimba tena, kiné anasema ikiendelea hivi niage kukimbia kabisa. Bibi yangu Nono anasema niseme ukweli, lakini mukwe anamuambiaje baba mukwe "shuka"? Na hajui hata kama niko mugonjwa, nilimuambia ni ya matembezi, sikupenda awaze alitoa binti yake kwa kilema. Mi namupenda muzee ule. Nifanye namna gani?

— Kangwa

Kangwa mutoto wangu, nimecheka, kisha nikakasirika. Pole kwa goti. Lakini weye! Unaficha ugonjwa, kisha unashangaa muntu hakuonee huruma? Mwenye kuficha ugonjwa, kilio kitamufunua. Baba Émile hakukosa kitu. Ameona mukwe wa nguvu anatembeza kinga bila kubeba hata makala ya kupikia, nani hapa Lubumbashi angeacha nafasi ile ipotee?

Mambo ya bukwe haisemwake uso kwa uso, hapo uko na haki. Basi mujumbe mwenye alienda kukuombea Nono eko wapi? Mutume leo, abebe kuku, amuambie muzee yote, goti, kiné, na uongo yako pia. Aombe na ruhusa ya kuinua kiti: muguu ikifika chini na pedali, goti ikunjike kidogo tu. Ukisikia maumivu, shuka. Kukimbia utarudilia kidogo kidogo, kiné akisema, haiko moyo yako ikisema.

Sasa sikia. Soko, muzee anaweza kwenda na taxi-bus. Muntu wa kelele na wenzake maisha yote, leo anabaki nyumbani peke yake, na weye unafikiri anapanda kinga ju ya bunga? Ni weye anatafuta, mupumbafu! Usimushushe halafu uende zako. Kinga ya kizamani iko na béquille, kile chuma cha kuisimamisha, yenye inainua tairi ya nyuma. Isimamishe mu lupango, mu kiwanja ya nyumba, ukanyage pale pale bila kuenda popote, muzee akae ku kiti ya nyumba mbele yako, akamate guidon, ule usukani, isiyumbe, na aongee mpaka achoke. Juma zote hizi alikuwa anaongea na mugongo yako. Muache akuone uso.