Siku Molekuli Zilipotulia

...na ndiyo maana, dada Leokadia, kabla simu haijakatika nilikuwa nakuomba usimwambie mama kwamba tunakuja. Shikamoo dada. Sisi wazima, ila baridi ya huku ughaibuni inauma. Mnaendeleaje hapo Buswelu, na mguu wa mama umepata nafuu?

Safari ilikuwa mashakani, na kosa lilikuwa langu. Unajua mama anavyomsubiri mkwewe aje kusalimia kama desturi, maana mimi na Deo wangu tuliondoka siku ya pili tu baada ya harusi. Mkuu wake wa maabara aliahidi kumpa likizo endapo mtambo wanaoujenga ungefanya kazi mwezi huu. Basi Jumamosi nikampelekea chakula maabara, nikaona chuma kinang'aa mezani kina vumbi, nikakipangusa kwa kiganja. Nilikuwa nimetoka kujipaka mafuta ya nazi.

"Mke wangu, umegusa nini?"

"Nimekifuta vumbi."

"Bora vumbi."

Kumbe chuma kile hukaa ndani ya tangi linalonyonywa hewa yote, na mafuta ya kiganja kimoja yanatosha kulichafua. Wakakiosha upya, wakakipasha moto siku tano. Nililia, dada. Deo akanibusu kiganja hichohicho mbele ya wenzake, akasema hana mshtakiwa mwingine anayempenda hivi. Mdogo wako ameolewa kweli.

Ijumaa akaniita nikaone. Leza inapiga kidonge cha madini, zinafyatuka molekuli za moto, zinakimbia hovyo. Zinakutana na gesi ya heliamu iliyopozwa karibu na mwisho wa baridi yote, zinagongana nayo mpaka zinapoa, kisha zinatoka kwenye tundu dogo kwa mstari mmoja. Deo anasema kinachokimbia hakikaguliki. Zikienda polepole ndipo watapima kama elektroni ni tufe kamili, na pengine kujua kwa nini ulimwengu upo.

Kwenye skrini kukatokea mwanga hafifu, kama pumzi juu ya kioo. Mimi wa kidato cha nne, niliyekariri molekuli kwa ajili ya mtihani, nimeziona zikiwaka. Mkuu wake akavua miwani, akaifuta, akaivaa tena.

"Deo, nenda kwenu ukasalimie."

Msalimie shemeji, na shangazi wa Magu aliyenifunda. Mwambie mafunzo yake yananifaa sana, ila la kuvaa glavu maabara alisahau.

Sasa mwambie mama. Mwezi huu hauishi kabla hatujapiga hodi mlangoni kwake, mimi na mume wangu.

Mdogo wako mwenye furaha,
Editha