Mchanga wa Sungura

Samuye, Julai 1951

Shemeji Kalisti,

Shikamoo. Sisi wazima, pamba tumeshavuna.

Wale sungura wa Herman nimewafundisha kujisaidia sandukuni. Naweka mavi yao kidogo, wakinusa wanaingia wenyewe. Ila udongo wetu wa mbuga unawanata miguuni, ndiyo maana nikakuomba mchanga wa huko mgodini.

Gunia limefika, asante. Nimeumwaga sandukuni, lakini humo hawajisaidii kabisa. Wanaulalia tu, masikio chini, kama walivyokuwa wakimlalia Herman kifuani. Hata majani hawataki.

Uliniambia mume wangu ameacha kazi hapo mgodini, kaenda zake Chato. Nikakuamini.

Shemeji, mchanga huu uliuchota wapi? Nijibu upesi, maana mama mkwe amewatoa sungura na kuufunika kwa shuka nyeupe.

Mimi Mbuke,
mke wa Herman