Injini Haina Kosa

Resty, ugali uko kwenye sufuria, nimeufunika. Fundi Maloba akifika, asiguse gari la Baba. ~~Mpe chai asubiri.~~ Asipewe hata maji.

Asubuhi alilaza sikio kwenye boneti, akatangaza: "Mzee, injini imekwisha, inakunywa mafuta. Leo naifungua." Baba akakubali! Nilipoomba nipige hesabu kwanza, fundi akacheka: "Wewe kaa na mashairi yako." Haya basi:

Sikio siyo kipimo, kelele siyo elimu.

Nimepima kwa futi ya Mama ya kushonea. Mzunguko wa tairi la zamani, lile lililobaki la akiba, ni sentimita 180. Haya manene, aliyoyafunga Maloba mwenyewe kwa ajili ya matope ya barabara ya Sikuda, ni 198. Kwa hiyo geji ikisema kilomita 109 kwa lita kumi, kweli gari limekwenda 120, zilezile za zamani. Hata gari kuwa zito likipanda mlima kumeletwa na matairi. Fundi mzima hajui!

Kesho Mama anapelekwa hospitali Tororo kwa gari hilo. Nimekwenda Malaba kuyachukua matairi ya zamani, tuyafunge tena. Mwonyeshe Baba hesabu. Ufunguo wa gari ninao mfukoni, boneti isifunguliwe. Akasirike tu, afadhali hasira yake kuliko injini iliyotandazwa uani juu ya gunia.

Kaka yako mkubwa,
Ebong