Ufunguo wa Beria na Bakuli la Mama Muna

Mpendwa Shangazi Wayua,

Naomba msaada wako, na naomba unijibu kabla ya Jumanne tarehe ishirini na mbili mwezi huu wa Juni, kwa sababu siku hiyo lori litakuja mara ya tatu na ufunguo ninao mimi, uko hapa kwenye mfuko wa aproni.

Mimi ni mjane wa miaka hamsini na sita, nakaa Gatongora hapa Ruiru, nilistaafu ukarani katika kiwanda kimoja cha nguo Thika, na majirani huniita Mama Maggie. Maggie mwenyewe anafanya kazi Nakuru na huja Krismasi, akija anashinda amelala kwa uchovu, simlaumu.

Mtaa wetu umekatwa katikati na barabara ya murram, sisi tuko upande wa juu na wenzetu upande wa chini, na zamani malori ya mawe yalikuwa yanapita hapo kutwa yakitafuta njia fupi ya kufika barabara kuu, vumbi mpaka ndani ya chai, na mwaka wa tisini na sita lori moja likabomoa ukuta wa shule ya nasari, Mungu alitusaidia ilikuwa likizo, ndipo tukaunda kamati tukaweka beria, mti mrefu wa kukinga barabara. Gari dogo linapenya kando, lakini lori halipiti mpaka mti ufunguliwe kufuli, na kufuli halifunguliwi bila karatasi ya ruhusa iliyosainiwa na mwenyekiti wetu Bwana Gachau, na karatasi hiyo huletwa kwangu kwa sababu mimi ndiye katibu na ndiye ninayeweka ufunguo. Sheria hiyo niliiandika kwa mkono wangu na nilijivunia sana.

Sasa nikwambie habari ya simu. Mvua za El Nino zilipoisha kutupiga, mwanzoni mwa mwaka jana, nyaya za upande wa chini zilikuwa zimeingia maji na milingoti mingine imelala, na tangu wakati huo simu zao zinalia vizuri lakini ukiinua unasikia mtu anakaanga vitunguu, basi, nyumba arobaini nzima. Sisi wa juu, kuvuka barabara tu, ukiongea na mtu wa Kisumu ni kama ameketi jikoni kwako. Watu wa chini wamelalamika mpaka wamechoka.

Hivyo ndivyo Mama Muna alivyoingia nyumbani kwangu. Jina lake ni Zubeida, wa upande wa chini, mjane kama mimi, Mwislamu, mzaliwa wa Majengo kule Thika, anashona nguo za watu, na mtoto wake mmoja tu, Muna, ameolewa Mombasa. Alikuja kwa haya nyingi akauliza kama Muna anaweza kumpigia kwangu kila Jumapili saa kumi, nikasema karibu, na tangu hiyo Jumapili ya kwanza hakukosa mpaka mwezi uliopita. Simu ni ya saa kumi lakini yeye saa nane anapiga hodi, mimi ndiyo kwanza nimetoka kanisani, na huja na mahamri ndani ya bakuli la bluu lenye kifuniko, na tunachambua njegere tukiongea, na simu ikilia anaongea dakika sita saba, halafu anarudi kwenye kiti chake tunaendelea mpaka jua linazama. Akienda namrudishia bakuli lake likiwa na nduma au ndizi, maana kwetu chombo cha mtu hakirudi kitupu, na yeye aliniambia hata kwao ni hivyo hivyo. Shangazi, tangu Baba Maggie aondoke, nyumba hii ilikuwa na redio tu.

Mwezi wa pili mwaka huu lori la watu wa simu likaja na milingoti mipya ya upande wa chini. Mbuvi, mlinzi wetu, akaja mbio. “Madam, kuna lori ya simu hapo kwa beria, wanataka kuteremka chini. Nipatie ufunguo.” Mara hiyo sikudanganya, karatasi haikuwepo, nikamwambia sheria ni sheria, likarudi. Lakini jioni nikiosha vikombe nikajikuta nafurahi, na nilijua kabisa nafurahia nini.

Mwezi wa nne likaja tena, siku ya Alhamisi, na karatasi Bwana Gachau alikuwa ameshaisaini, ilikuwa kwenye droo yangu chini ya vitambaa vya meza.

“Waambie karatasi haijakuja,” nikamwambia Mbuvi.

“Lakini Madam, mzee Gachau amesema alituma.”

“Mbuvi, si nimesema haijakuja?”

Akaniangalia kidogo, akasema, “Sawa, Madam,” akaenda kulirudisha. Na mimi nikaenda kununua njegere za Jumapili.

Sasa sikiliza dhambi yangu ilivyozaa. Jumamosi tarehe ishirini na mbili mwezi uliopita nilikuwa Murera kwa dada yangu, tunapanda miche, nyumba yangu imefungwa. Siku hiyo hiyo Muna akashikwa na uchungu kabla ya wakati, wakampeleka hospitali Mombasa, wakasema atapasuliwa, na alichotaka ni kumsikia mama yake akimsomea dua kabla hajaingizwa ndani. Alipiga kwangu, ikalia mpaka ikachoka. Akapiga kwa mama yake. Mama Muna aliinua akasikia vitunguu vinakaangwa, akasema haloo, haloo, akadhani ni mitambo inajipigia, akaweka chini. Ikalia tena. Akaweka tena.

Mtoto alizaliwa salama, msichana, wamemwita Amida, na Muna ni mzima, Mungu ni mkubwa. Lakini Mama Muna habari yote aliipata kesho yake saa kumi, kwenye simu yangu, mimi nimeketi pale pale. Alipoweka mkono wa simu chini hakurudi kwenye kiti chake, alisimama tu.

“Nimemkatia mtoto wangu simu, Mama Maggie,” akasema. “Ananiita, na mimi namkatia.”

Nikasema, “Ngai! Hukujua, Mama Muna. Ungejuaje?”

“Wallahi, mara mbili. Na ile lori ya simu ati ilifika hapo kwa beria ikarudishwa. Nani huyo aliirudisha? Yeye hana mtoto?”

Nilichukua njegere nikaendelea kuchambua, Shangazi, mikono yangu ikafanya hivyo bila mimi kuiambia. Yeye akafunga leso yake akaenda zake mapema, na bakuli akalisahau. Kesho yake akapanda basi kwenda kumwona mjukuu, na atarudi Jumapili tarehe ishirini. Na huku nyuma watu wa chini wanamtukana Mbuvi, wanasema alitaka kitu kidogo ndiyo maana lori halikupita, na Mbuvi hajanitaja hata kwa mtu mmoja.

Ninachouliza ni hiki. Nikifungua beria Jumanne, simu zao zitapona, na Mama Muna hatakuwa na sababu ya kuja kwangu tena. Nikimwambia ukweli, hatakuja na pia atanichukia. Je, nifungue tu ninyamaze, mambo yapite yenyewe? Au nimwambie na nimpoteze mara mbili? Bakuli lake bado liko mezani, nimeliosha mara tatu, sijui niweke nini ndani. Tafadhali usichapishe jina langu.

Mwenye Ufunguo, Gatongora.

Jibu la Shangazi Wayua

Dada yangu Mwenye Ufunguo, jina lako sitalichapisha kwa sababu hata silijui. Lakini umeniandikia Mama Maggie, ukaniandikia Bwana Gachau, ukaniandikia Mbuvi, beria na mtaa, kisha unaniomba nikufiche. Nikufiche wapi? Mtu anayetaka kujificha huandika “Msomaji, Kenya” akaishia hapo. Wewe ulitaka mtu akukamate mkono, na mimi nimeukamata.

Kwanza nikugombeze, tumalize. Uliandika sheria ya kuzuia malori yasiue watoto wa nasari, sheria nzuri, kisha ukaigeuza kufuli la kumfungia rafiki yako sebuleni. Nyumba arobaini zimekaa miezi kwenye vitunguu vyako. Mlinzi anatukanwa kwa kosa lako na anakusitiri, na wewe unapita hapo kwa beria kila siku ukimsalimia. Hiyo imeniuma kuliko yote. Kwa Mama Muna ulikosa kwa kupenda, lakini kwa Mbuvi ulikosa kwa kuogopa tu.

Kwa hiyo Jumanne hakuna swali. Beria inafunguliwa, tena unaifungua wewe mwenyewe asubuhi kabla lori halijafika, na unasimama hapo hapo mpaka mlingoti wa mwisho upite. Kabla ya siku hiyo ita kamati, mwite na Mbuvi, na useme mbele ya wote, “Karatasi ilikuwa kwangu.” Maneno matatu. Usiongeze ujane, usiongeze upweke, hayo ni ya kwako na mimi. Halafu pendekeza ufunguo wa pili ukae upande wa chini, na watu wa simu, wa zima moto na wa hospitali wasiulizwe karatasi tena. Wakikuondoa ukatibu, toka bila kununa.

Sasa nije kwa lile linalokutoa machozi. Unasema simu zikipona Mama Muna hatakuwa na sababu ya kuja. Nimesoma barua yako mara nne, na nakuomba nawe uisome kama imeandikwa na mtu mwingine. Simu ni ya saa kumi. Anakuja saa nane. Anaongea dakika saba, anaondoka jua likizama. Ile ni simu gani, dada, inayongojewa saa mbili na kuagwa saa mbili nyingine? Mtu wa kuazima simu huja saa kumi kasorobo amesimama mlangoni, akimaliza anashukuru anaenda zake. Huyu mwenzako ana cherehani inayomngoja na nguo za watu, na kila Jumapili amekanda mahamri asubuhi kwa ajili yako. Wewe ulifunga barabara ili asiondoke, na kumbe mwenyewe hakuwa na haraka ya kuondoka.

Na kuna jambo jingine, la aibu kidogo. Umeniandikia kuhusu kiti chake, njegere zako, vikombe vyako, simu yako. Hakuna mahali umeniambia uliketi kwake. Mwaka mmoja na nusu, na hujavuka murram hata Jumapili moja? Unamjua mtoto wake kwa jina, mjukuu unamjua kwa jina, rangi ya mlango wake hujui. Ulikuwa unaogopa kwamba siku moja hatakuja kwako, na haikukujia hata mara moja kwamba una miguu.

Atakasirika. Sikudanganyi. Ukimwambia, “Ni mimi niliyerudisha lori,” atakumbuka mtoto wake akimwita, na atakuangalia jinsi ambavyo hajawahi kukuangalia. Unastahili. Usijitetee, usilie kabla yake, usimwambie “lakini nilikupenda,” hilo atalijua mwenyewe baadaye akitulia. Mwambie na umwache akasirike kwa muda anaotaka. Jumapili ya kwanza huenda asifungue. Rudi ya pili. Mimi nilimkosea dada yangu mwaka wa themanini na tatu, nikaona haya kurudi mara ya pili, na sasa ninapopita Kitui huwa naonyeshwa kaburi lake tu. Kwa hiyo nisikilize kwa hili kama hunisikilizi kwa mengine.

Bakuli usilioshe tena, limetakata. Ulisema mwenyewe, chombo cha mtu hakirudi kitupu, basi weka nduma kama kawaida yako, na juu ya nduma weka ile karatasi aliyoisaini Bwana Gachau, ili asidhani unamwambia nusu. Jumapili jioni, akishapumzika na safari, vuka barabara ukabishe hodi kwake. Usitume mtu, na usingoje akufuate.

Gazeti hili linatoka Jumamosi na linauzwa hata Mombasa, kwenye stendi za mabasi, kwa hiyo una siku moja tu, na nimefanya hivyo kusudi. Na wewe Mama Muna, hongera ya Amida. Kama gazeti limekufikia kabla ya bakuli, tafadhali, ngoja bakuli.

Shangazi Wayua