Kiboko Amepata Sabuni

Shangazi Perpetua,

Ameoga! Yule kiboko wako ameoga, akaja, nami nimemwona kwa macho yangu. Nimeona nikuandikie upesi kabla watu wa Kigera hawajakufikishia habari kwa njia zao, maana unawajua.

Tangu tukuzike Butiama, nyumba yako naiangalia mimi. Kuku wako wa madoadoa bado ana kiburi. Lakini jambo kubwa ni kwamba sabuni imerudi. Wala si ile ya foleni, ya kugawiwa kipande. Imejaa madukani, ya kijani, ya bluu, mpaka ya waridi, na mwenye duka anakubembeleza uchague. Siku niliyoiona nilicheka peke yangu pale dukani, kisha nikalia, kisha nikanunua ya kijani.

Unakumbuka lile tangazo kwenye mlango wa sinema, kiboko mwenye miwani anapiga filimbi, na chini yake "Yaja Karibuni"? Jua lililichoma mpaka kiboko akawa mweupe. Watu walibashiri lini wenye studio huko ng'ambo watatoa kionjo, kile kipande kifupi cha kutuonjesha hiyo katuni, nawe ukawashinda wote kwa kukosea. Ulisema mtama ukivunwa. Mtama ukavunwa. Ukasema Pasaka. Tukavaa, tukaenda na kigoda chako, tukaonyeshwa watu wanapigana mateke. Mtu mzima, muuza sato, umenuna kwa sababu ya katuni! Nilikupenda sana siku ile.

Ndipo ukatoa utabiri wa mwisho, Baba akiwa amekuja kututembelea: "Huyu kiboko anakawiaga kwa sababu hana sabuni ya kuogea. Sabuni ikirudi dukani, mtamwona." Baba, na uzee wake wa kanisa, akasema sinema ni ya wavivu, na kwamba kiboko huyo akija kweli, yeye mwenyewe atakupeleka ukumbini na kukubebea kigoda. Ukamshika mkono mbele yangu. "Umesema, mdogo wangu."

Basi sabuni haikuwa na siku nyingi tangu irudi dukani, nikasikia gari la matangazo likipita: kionjo cha kiboko Jumamosi, kabla ya filamu ya mateke. Nikampelekea Baba salamu kwa dereva wa lori la Butiama. Nilivyoogopa, Shangazi! Tangu mazishi alikuwa hajacheka hata kidogo. Alimwahidi mtu aliye hai, na kama asingekuja, nani angemlaumu? Mimi ningemlaumu. Ule ulikuwa utani wenu wa mwisho, na sikutaka uzikwe nawe.

Jumamosi mchana Baba akashuka kwenye lori, amevaa koti la kanisani. Hata salamu yangu hakuiitikia vizuri.

"Kigoda kiko wapi?"

Alikibeba kutoka Kigera mpaka mjini, watu wakimwangalia. Ndani akakiweka pale pale pako, akakikalia mwenyewe, magoti yakamfika kidevuni. Taa zikazimwa. Kiboko akatokea yumo kwenye beseni, povu mpaka masikioni, akapiga chafya, miwani ikaruka. Naapa, povu! Kionjo kikaisha hata sijapumua.

Baba akasimama. "Dada alisemaga! Si alisemaga?" Akawa anauliza watu asiowajua, anacheka huku machozi yanamtoka, mpaka walio nyuma wakampigia kelele akae chini. Nikamshika koti, nami nalia na kucheka hivyo hivyo. Akabaki mpaka teke la mwisho.

Alikibeba tena kigoda hadi karibu na mlango wako. Kisha akasema filamu yenyewe, kwa maoni yake, itafika Krismasi. Baba yangu huyo huyo! Mimi nimesema itangoja Pasaka, kwa heshima yako, na tumeshikana mikono juu ya kigoda chako.

Pumzika, Shangazi yangu. Kuku nitamlisha, na kiburi chake nitakivumilia. Na filamu ikifika, nakuahidi, nitakuja kwanza kaburini kwako kukuambia nani amekosea. Nadhani nitakuwa mimi. Wewe ndiye uliyenifundisha.

Mwanao wa Kigera