Maji ya Bohari na Kijito cha Mihogo

Kamina, Jumatano jioni

Ruhusa ya kumwaga maji kijitoni haijatoka. Afisa wa mazingira anataka kwanza wamama wanaoloweka mihogo kijitoni wakubali maji yetu, yale tunayoyavuta chini ya bohari ya zamani ya petroli na kuyasafisha.

Nikampelekea jirani yetu wa zamani, Mama Ngoie, aliyekuwa kijitoni na mihogo yake, bido moja, dumu la maji yaliyosafishwa. Alinusa, akanawa uso.

"Iko muzuri. Lakini muyamwange kule chini, hapana hapa kwenye mihogo. Weye mutoto wa hapa, unajua."

Ninajua. Hapo njo nilikuwa naoga na marehemu dada yangu, Mama Ngoie akitufokea tusivuruge maji, mpaka harufu ya petroli ikatufukuza.

Nitarefusha bomba kwenye ramani. Mkubwa wangu wa kazi atanung'unika. Anung'unike.

Kabla ya kurudi nilivua viatu, nikaingia kijitoni mpaka magotini. Baridi ni ileile.